Mbona ANC Inakula Moto ya Podi Zako? Cheki Venye Wasee wa Chipu Wanazima Kelele Bila Kumaliza Betri

Kama uko na podi, zile za kuingiza kwa maskio bila waya, lazima umeona hii kitu. Zikicheza ngoma tu, zinakubeba fiti. Washa ANC, ile kitu ya kuzima kelele ya nje, na kabla ufike mtaa ile sauti inakuambia betri inaisha, ukiwa bado umekwama kwa jam ya Githurai. Ngoma ni ile ile. Sauti hujaongeza. Moto imeenda wapi?

Kampuni zenyewe hazifichi. AirPods Pro za kwanza zilitoka 2019, na Apple ilisema zinakaa masaa 5 bila ANC na masaa 4 na nusu ukiiwasha. Sony nao walitoa WF-1000XM4 mwaka wa 2021: masaa 12 ikiwa imezimwa, masaa 8 ikiwa imewashwa. Hapo kwa Sony piga hesabu. Betri ni ile ile, lakini imeisha kwa masaa 8 badala ya 12, maanake kila saa podi inakula moto mara moja na nusu ya ile ilikuwa inakula. (Usianze kuwacheka, masaa 8 bado ni karibu mara mbili ya 4 na nusu.)

Hiyo nusu ya ziada inalipia maiki za kuskiza nje, na inalipia kitu yenye wengi hawajui iko ndani ya podi: filta ya dijitali. Ni sakiti ndogo kwa chipu inayopiga hesabu bila kupumzika, mamilioni kila sekunde, ndio wewe uskie kimya. Kila hesabu inalipiwa na betri. Kuna wasee wamekaa na hii shida miaka zaidi ya 30, na ukicheki kazi yao vizuri, karibu yote ni kitu moja: kutafuta hesabu gani inaweza kurukwa, na zile haziwezi kurukwa zifanywe kwa bei ya chini. Mimi niliacha campo kabla hiyo unit ifike, kwa hivyo naieleza venye ningetaka mtu anielezee.

Kelele inauliwa na kelele

Sauti ni hewa ikisukumwa na kuvutwa. Ukichukua mngurumo wa injini, uunde mwingine kama huo lakini umepinduliwa, pale wa kwanza unasukuma huu unavuta. Zikikutana kwa skio zinamalizana, unabaki na kimya. Idea ni ya zamani kuliko shosh wa wengi wetu. Mjerumani Paul Lueg alipewa patenti yake Marekani mwaka wa 1936. Vifaa vya kuifanya ifanye kazi ndio havikuwa.

Halafu 1978, Amar Bose, profesa wa MIT na mwenye kampuni ya spika, alikuwa kwa ndege akirudi Boston kutoka Ulaya. Hedifoni alizopewa humo ndani zilishindwa na kelele ya injini, akaanza kupiga hesabu za kuiua akiwa bado angani. Marubani walipata hedifoni za Bose 1989. Watu wa kawaida walingoja QuietComfort mpaka 2000. Hizo za kwanza zilikuwa za analogi, yaani sauti ilipitia kwa sakiti kama umeme tu, bila kugeuzwa kuwa namba.

Za sasa ni dijitali. Hapo ndio ngori ya moto inaingia.

Filta ya dijitali ni hesabu ya primary ikirudiwa kama wazimu. Maiki inaskia nje, sauti inageuzwa kuwa namba, tuseme namba 48,000 kila sekunde. Filta inashika namba za mwisho zilizoingia, inazidisha kila moja na namba yake maalum, halafu inajumlisha zote. Jibu moja linatoka. Namba mpya ikiingia, ya zamani inatupwa na inaanza tena. Hizo namba maalum za kuzidisha ndio zinaamua filta inazima nini na inaacha nini.

Sema filta yako iko na hatua 64. Hiyo ni kuzidisha mara 64 kwa kila namba inayoingia: 64 kwa 48,000, tayari ni zaidi ya milioni 3 kwa sekunde. Podi ni mbili. Kila moja kwa kawaida iko na maiki ya nje ya kuskia kelele inayokuja na maiki ya ndani ya kuskia ile imepenya, na kila maiki inataka filta yake. Umefika milioni 12. Na bado hatujaongea kuhusu mbio.

Mbio za sentimita mbili

Hii ndio part inanibamba zaidi. Kutoka kwa maiki ya nje ya podi mpaka pale spika yake iko ni kama sentimita 2. Sauti inakimbia mita 343 kwa sekunde. Kwa hivyo kutoka wakati maiki imeskia kelele, chipu iko na kama maikrosekunde 58, yaani sehemu 58 za milioni za sekunde, kuigeuza namba, kupiga hesabu zote, kupindua, kurudisha kuwa sauti na kuitoa kwa spika. Kwa namba 48,000 kwa sekunde, kila namba inangoja karibu maikrosekunde 21. Hiyo nafasi yote haitoshi hata namba tatu.

Ukichelewa? Inategemea kelele. Sema umechelewa maikrosekunde 100. Mngurumo wa injini unaotetemeka mara 100 kwa sekunde uko na wimbi refu, mita tatu na nusu hivi, kwa hivyo kuchelewa hivyo si kitu: inabaki karibu asilimia 6 tu. Sauti inayotetemeka mara 1,000 kwa sekunde, inabaki asilimia 62, yaani umefanya kazi nusu nusu. Ikifika mara 2,000, umeharibu kabisa, ju sasa unasukuma wakati nayo inasukuma, na kelele inakuwa kubwa kuliko ingekuwa bila ANC.

Ndio maana ANC inameza injini ya mat lakini konda akipiga kelele nje ya mlango unamskia. Haijaharibika. Hata hajaribu hizo za juu sana.

Sasa ona mtego. Ndio iwahi, chipu nyingi zinachukua namba kwa kasi zaidi, 192,000 kwa sekunde na hata kupita. Ukipeleka zile filta zetu huko, milioni 12 inakuwa karibu milioni 49 za kuzidisha kila sekunde. Na betri ni gani? Ya podi moja ni kitu kama 50 mAh, wakati simu yako iko na 5,000. Mara mia. Ukigawa hiyo betri ndogo kwa masaa 5, kila podi iko na kama miliwati 37 za kutumia kwa kila kitu: Bluetooth, spika, maiki, filta, yote. Taa ya LED ya wati 9 kwa keja yako inakula kama podi 240 hivi kwa pamoja.

Ndoo, na volteji mara mbili

Hesabu inakula moto vipi, kwani namba ni nzito? Ndani ya chipu, kila waya mdogo ni kama ndoo. Kuandika 1 ni kujaza ndoo. Kuandika 0 ni kuimwaga. Ukibadilisha kutoka 0 kwenda 1 halafu 0 tena, umejaza na kumwaga, na hayo maji hayarudi kwa tangi. Ndoo isiyoguswa haitumii maji, au wacha niseme karibu haitumii, ju tutarudi hapo.

Kwa hivyo bili yako inategemea ukubwa wa ndoo, zinajazwa mara ngapi kwa sekunde, ni ngapi kati ya zote zinaguswa, na volteji. Lakini volteji inaingia kwa hesabu mara mbili: inazidishwa na yenyewe. Ukipunguza kasi kwa nusu, unalipa nusu. Ukipunguza volteji kwa nusu, unalipa robo. Kwa hivyo kila injinia wa chipu za betri akiamka asubuhi anaangalia volteji kwanza.

Shida ni kwamba volteji ikishuka, sakiti inakuwa pole pole. Na tumetoka kusema tuko kwa mbio.

Jibu la hii lilitoka chuo cha Berkeley, California, mwaka wa 1992, kwa karatasi ambayo watu wa chipu wanaitaja mpaka leo. Walioiandika ni watatu: Anantha Chandrakasan, Robert Brodersen na, sitanii, Samuel Sheng. Sheng ni jina lake, hana uhusiano na Eastlands. Walichosema ukikielewa kwa chapo hutakisahau.

Mama wa chapo ameambiwa atoe chapo 100 kwa saa moja. Akiwa peke yake lazima awashe jiko kali sana, makaa inaisha haraka. Akiongeza mtu wa pili na jiko la pili, kila mmoja anatoa 50 kwa saa ile ile, kwa moto ya chini. Chapo ni 100 bado. Kwa jiko la kawaida sina uhakika utaokoa makaa, lakini kwa chipu ni lazima, ju ukali wa jiko ndio volteji, na volteji inalipiwa mara mbili.

Walichukua sakiti ya kujumlisha na kulinganisha iliyokuwa inakimbia kwa volti 5. Wakaweka mbili sambamba, kila moja nusu ya kasi, wakashusha volteji mpaka 2.9. Kazi inayotoka ni ile ile, matumizi yakaanguka mpaka karibu theluthi ya mwanzo. Wakaongeza na mbinu ya kukata kazi vipande vipande, kama mstari wa kiwanda, wakashuka mpaka volti 2, na matumizi yakafika karibu moja ya tano. Bei yake? Sakiti ilikula nafasi zaidi ya mara tatu kwa chipu. Unalipa kwa nafasi, unaokoa betri. Tangu hapo transista zimekuwa ndogo hadi nafasi si noma sana, na chipu za vitu vya kuvaa siku hizi zinafanya kazi ndani kwa volti 1 hivi ama chini. Kutoka 5 kwenda 1 ni mara 25.

Lakini ile ndoo isiyoguswa. Transista zinazokubali volteji ndogo hazifungi vizuri, ni kama bomba inadondoka usiku mzima. Moto inavuja hata kama hakuna kazi. Kwa hivyo zile sehemu za chipu zenye hazitumiki zinakatiwa stima kabisa, kama venye unazima main switch ukienda ocha.

Soo na ashu

Sasa tuje kwa hesabu yenyewe. Kuzidisha ndio mnyama mkubwa. Mark Horowitz wa Stanford aliweka bei zake wazi mwaka wa 2014 kwa mkutano mkubwa wa watu wa chipu: kwa transista za nanomita 45, kuzidisha namba mbili za biti 32 kunakula karibu mara 15 ya kuzidisha za biti 8. Kujumlisha za biti 32 ni karibu moja ya thelathini ya kuzidisha hizo hizo. Na kusoma namba kutoka kwa memori, hata ile ndogo iko hapo karibu, kunaweza gharimu kuliko hesabu yenyewe.

Hapo tayari umeona kazi. Kwanza, usitumie biti 32 kama 16 zinatosha. Pili, namba za filta nyingi ni kama kioo, ya kwanza inafanana na ya mwisho, ya pili na ile inatangulia ya mwisho. Badala ya kuzidisha mara mbili na namba ile ile, jumlisha zile mbili kwanza halafu zidisha mara moja. Hatua 64 zinabaki na kuzidisha 32. Nusu imeenda na sauti haijabadilika hata kidogo.

Tatu ndio tamu. Konda anaijua hata kama hajui. Nauli ni 90. Unaweza toa finje na mbao mbili. Ama unampa soo, anakurudishia ashu.

Chipu inaongea lugha ya 0 na 1, na kwa hiyo lugha kuzidisha na 2, 4, 8 ama 16 ni bure, unasukuma tu namba upande mmoja, kama sisi tunavyoongeza sufuri tukizidisha na 10. Kwa hivyo kuzidisha kitu na 15, njia ya kawaida ni 8, jumlisha 4, jumlisha 2, jumlisha 1. Kujumlisha mara tatu. Njia ya konda: chukua mara 16, rudisha moja. Kutoa mara moja, basi. Sakiti kubwa ya kuzidisha umeitoa kabisa, umebaki na waya na sakiti moja ya kutoa.

Injinia mjanja anaenda mbali zaidi. Sema namba ya filta yake ni 0.117. Hiyo ni mbaya, haina njia fupi. Lakini 15 gawa kwa 128 ni 0.1171875, karibu kitu kimoja, na kugawa kwa 128 pia ni kusukuma tu. Anasogeza namba zake kidogo kidogo mpaka ziwe za bei rahisi, halafu anapima tena kama filta bado inafanya kazi. Hii ndio aina ya ubahili naheshimu.

Kuna mlango wa nne. Filta za hatua nyingi zinaweza kubadilishwa na filta fupi zinazotumia majibu yao ya awali tena. Kipande kimoja cha hizo kinahitaji kuzidisha mara 5, na vipande kumi vinaweza kufanya kazi ambayo ingetaka mamia ya hatua. Lazima uwe mwangalifu, ju kitu kinachojilisha majibu yake kinaweza kuanza kupiga kelele chenyewe, kama maiki ya kanisa ikikaribia spika.

Ya haraka na ya pole

Njia ya konda iko na kasoro moja: inafaa kama namba za filta ni zile zile siku zote. Lakini kelele inabadilika. Umetoka kwa mat, umeingia kwa supa, raba ya podi imelegea kidogo. Filta lazima ijifunze upya.

Hesabu ya kujifunza ilitoka Stanford mwaka wa 1960, kwa Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff, yule yule alikuja kuwa mmoja wa waliounda maikroprosesa ya kwanza ya Intel iliyotoka 1971. Ni rahisi kushangaza. Filta inaangalia kelele iliyobaki, na kila namba yake inasogezwa kidogo kuelekea upande unaopunguza hiyo. Lakini ukiifanya kwa kila sampuli, kazi inakuwa mara mbili: kuzidisha moja kwa kuchuja, nyingine kwa kujifunza.

Akili iko kwa kutenganisha. Kuchuja lazima kuwe mbio, tumeona kwa nini. Kujifunza hakuna haraka, ju mat haigeuki kuwa supa ndani ya maikrosekunde 20. Apple walisema AirPods Pro zinajirekebisha mara 200 kwa sekunde. Linganisha mara 200 na namba 48,000 zinazopita wakati huo huo. Kuna wengine wanapunguza zaidi kwa kuangalia tu kama kosa liko juu ama chini ya sufuri bila kujali ni kubwa kiasi gani, na hapo kuzidisha kunaondoka. Filta inajifunza pole pole zaidi, lakini inajifunza.

Halafu kuna ile ya kuzima saa. Chipu iko na mapigo, kama DJ mmoja anayechezea vyumba vyote. Kila pigo linajaza na kumwaga ndoo hata kwa chumba hakuna mtu anadansi. Kwa hivyo wanaweka geti: hakuna kazi, mapigo hayaingii. Podi ukiitoa kwa skio, kihisi kinajua na vyumba vinazimwa. Ukiwa kwa keja usiku na hakuna kelele, zile janja zinashusha kazi zenyewe.

Na filta ya kwanza kabisa, yenye haitumii moto hata kidogo, ni ile raba ya mwisho wa podi. Inazuia sauti za juu, zile ANC inashindwa nazo. Watu wanaipoteza, wanavaa podi bila, halafu wanasema ANC ni mbovu. Raba ya saizi yako inafanya filta ipewe kazi ya chini tu.

Kwa wengine si ngoma

Mpaka hapa tumeongea kama hii yote ni ya kubamba kwa mat. Lakini sakiti hizi zinabanwa zaidi kwa kifaa cha kusaidia kuskia, kile shosh amevaa nyuma ya skio, ama yule dem mliketi naye class na mlikuwa mnadhani anaringa.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa 2021 kwamba watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji usaidizi kwa sababu ya kupoteza uwezo wa kuskia, na karibu asilimia 80 wanaishi nchi kama zetu, za kipato cha chini na cha kati. Betri moja inayotumika sana ni kidude cha saizi 312, kiko na stika ya kahawia. Ukivuta stika, hewa inaingia ndani na betri inaanza kufanya kazi. Ukishaivuta hakuna kurudi nyuma, na haichajiwi. Inabeba kama 170 mAh kwa volti 1.4, na ukitaka ikae wiki moja kwa masaa 16 kila siku, kifaa chote lazima kiishi kwa miliwati 2 hivi. Podi ilikuwa na 37.

Na kazi yake ni ngumu kwa njia ingine. Haizimi kelele yote. Lazima itenganishe sauti ya mtu anayeongea na mvumo wa barabara nyuma yake. Filta zinakata sauti vipande, za chini, za kati, za juu, na kile kipande kimejaa mvumo usiobadilika kinapunguzwa, chenye kina maneno kinaongezwa. Afadhali hapa kuchelewa milisekunde chache kunavumilika, kwa hivyo chipu inaweza kwenda pole, kwa volteji ya chini, na mbinu zote tumetaja zinatumika pamoja. Filta ikila moto mara mbili, shosh hapotezi ngoma. Ananunua betri mara mbili, ama anakizima akienda soko ndio kikae mpaka Jumapili, na hapo soko ndio pahali alikihitaji.

Kabla utoe doo

Kwa boksi za podi za bei ya chini utaona herufi ENC. Hiyo si ANC. ENC inasafisha kelele kwa maiki unapopiga simu, ndio yule wa upande ule mwingine akuskie vizuri. Wewe mwenyewe bado utaskia mat yote. Wauzaji wengine watakuambia ni kitu moja. Wanajua si kitu moja.

Masaa yaliyoandikwa kubwa, 30 ama 40, mara nyingi ni pamoja na yale ya keisi, na ni ANC ikiwa imezimwa. Tafuta ile namba ndogo: masaa ya podi peke yake, ANC ikiwa on. Ndio inakuambia filta yao imeundwa vipi. Hiyo namba pia inaamua podi zitaishi muda gani, ju betri ya lithiamu inachoka kidogo kila unapoichaji, na ya podi imefungiwa ndani na gundi. Podi ya masaa 3 unaichaji mara mbili ya ile ya masaa 6 kwa kazi ile ile.

Kama boksi haisemi, ambia muuzaji azifungue. Vaa zikiwa na raba ya saizi yako, simama karibu na mat inayonguruma, zima ngoma, halafu washa ANC na uizime, mara tatu hivi. Injini lazima ishuke waziwazi. Kama kitu pekee umeskia ni mlio wa "ting" na kimluzi kidogo, hiyo ni podi ya kawaida imeandikwa herufi tatu.